Zahanati, Kituo cha Afya na Hospitali Vinaposhirikiana: Nini Kinabadilika kwa Mama na Mtoto

Mama anayeishi kata ya Bashay, wilayani Mbulu, hahudumiwi na kituo kimoja. Kliniki ya ujauzito anahudhuria zahanati. Kipimo fulani anaambiwa akafanye kituo cha afya. Ikitokea shida wakati wa kujifungua anapelekwa hospitali. Mtoto akishazaliwa, chanjo anaipata zahanati, au siku ya huduma ya mkoba wahudumu wanapofika kijijini na sanduku lao la baridi na kuning'iniza mzani kwenye tawi la mti. Mimba ni moja, lakini mikono inayoipokea ni mingi.

Mara nyingi tunapozungumzia huduma nzuri au mbaya tunataja kituo kimoja kimoja: pale wana lugha nzuri, pale hawana dawa, pale unasubiri mpaka jua linazama. Hayo yana ukweli wake. Lakini akina mama na watoto wengi hupata madhara katikati, wanapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Makala haya yanaeleza vituo jirani vinavyofanya kazi pamoja hufanya nini hasa, ushahidi uliopatikana Manyara na kwingineko Tanzania, na wewe mama au mlezi una nafasi gani katika jambo hilo.

Kila ngazi ina kazi yake

Zahanati ni mlango wa kwanza. Hapo unapimwa presha, wekundu wa damu, mkojo, malaria na VVU, unapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria kwenye ujauzito, na unaweza kujifungua kama mimba haina shida. Kituo cha afya kina wahudumu wengi zaidi na vitanda vya kulaza wagonjwa, na baadhi ya vituo hivyo sasa vina chumba cha upasuaji. Hospitali hupokea yale ambayo ngazi za chini haziwezi: mama anayehitaji kufanyiwa upasuaji na kuongezewa damu, mtoto njiti, mtoto mwenye maambukizi makali.

Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang, hospitali hizo ni pamoja na ile ya mjini Mbulu, ya Katesh, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955. Haydom imekuwa pia ikipeleka kliniki za mama na mtoto kwenye vijiji vya mbali, kwa gari na hata kwa ndege ndogo, kwa sababu yapo maeneo ambayo gari haliingii masika.

Mama wengi huiruka zahanati ya karibu na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa. Hatuwalaumu, aliyewahi kukuta zahanati imefungwa saa nane usiku hasahau. Lakini hospitali inapojaa akina mama ambao wangeweza kuhudumiwa karibu na nyumbani, yule aliyeletwa akitoka damu anakuta wakunga wawili na vitanda vimejaa. Dawa ya tatizo hilo ni zahanati kuwa nzuri kiasi kwamba hutaona sababu ya kuiruka, na zahanati iliyoachwa peke yake mara chache hufika hapo.

Mahali huduma inapovuja

Wataalamu wa afya ya uzazi husema kuna ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa tatu unatokea mara mbili kwa mama anayepewa rufaa. Anaweza kuchelewa kwenye kituo cha kwanza, kisha akachelewa tena kwenye cha pili.

Tuchukue mfano. Mama mwenye mimba ya nne anafika zahanati akiwa na uchungu. Presha yake iko juu na kichwa kinamuuma sana. Mkunga anajua hiki kinaweza kuwa kifafa cha mimba. Ana dawa ya kuzuia degedege, dozi ya kwanza, lakini hana uhakika wa kiasi kwa sababu ameitumia mara moja tu tangu aajiriwe. Anaandika fomu ya rufaa haraka haraka, haandiki saa wala dawa aliyompa. Hapigi simu hospitali kwa sababu namba aliyonayo ni ya mtu aliyehamishwa. Mama anafika baada ya saa mbili barabarani. Pale mapokezi anaulizwa maswali yote upya, anapimwa upya, na daktari hajui kama alishapewa dawa au hakupewa. Hakuna mtu hapo aliyezembea kwa makusudi. Kila mmoja alifanya alichojua, na bado muda umepotea mara tatu.

Sasa badilisha mambo machache. Mkunga amefanya zoezi la kifafa cha mimba mwezi uliopita, na aliyewafundisha ni mwenzake kutoka kituo cha afya cha jirani. Ukutani kuna namba ya simu ya wodi ya wazazi ya hospitali, na namba hiyo iko wodini, si mfukoni mwa mtu. Fomu ya rufaa ina sehemu ya saa, presha na dawa. Hospitali inajua mama yuko njiani na kitanda kimeandaliwa. Siku chache baadaye zahanati inapata majibu: mama alijifungua salama, dozi yenu ilikuwa sahihi, ila safari nyingine msisubiri gari kwanza ndipo mtupigie. Mabadiliko hayo hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji watu wa vituo viwili kufahamiana, kufanya mazoezi na kuambiana ukweli.

Somo kutoka Haydom: mafunzo ya siku moja hayatoshi

Mtoto anayezaliwa bila kupumua ana muda mfupi sana. Wakunga huita dakika ya kwanza "dakika ya dhahabu": ndani yake mtoto akaushwe, asisimuliwe, na asipoanza kupumua apulizwe hewa kwa mfuko maalumu wenye barakoa ndogo. Hakuna mashine kubwa hapo, ila mikono iwe imezoea.

Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Miezi baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere wa mazoezi, na walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti walipoangalia chumba halisi cha kujifungulia, kwa watoto halisi, hawakuona mabadiliko. Ujuzi ulikuwepo kichwani na kwenye mtihani, ila haukufika kitandani.

Kwa hiyo hospitali ikabadili utaratibu. Kuanzia 2011 wahudumu walifanya mazoezi mafupi sana ya dakika chache, mara kwa mara, humo humo wodini, mwanasesere akiwa karibu na meza ya kumhudumia mtoto. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Wahudumu walikuwa katika hospitali ile ile, na kitu walichoongeza kilikuwa mazoea.

Tunalieleza hili kwa mama kwa sababu linabadilisha swali la kuuliza. Watu wengi huuliza, "Je, muuguzi huyu amesoma?" Swali lenye manufaa zaidi ni, "Je, wahudumu hapa hufanya mazoezi pamoja?" Na kwa zahanati inayozalisha akina mama wachache kwa mwezi swali hilo ni zito zaidi. Mkunga wa huko anaweza kukaa miezi bila kukutana na mtoto asiyepumua, halafu siku moja akakutana naye usiku, akiwa peke yake, kwa taa ya simu. Mtu wa namna hiyo anahitaji wenzake kuliko hata mkunga wa hospitali.

Vituo 30, mikoa mitano

Kilichojifunzwa Haydom hakikubaki Haydom. Kati ya Machi 2021 na Desemba 2023 hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza vilishiriki mpango mmoja wa uzazi salama uliojulikana kwa jina la Safer Births. Kila kituo kilikuwa na wahudumu wake wa kuongoza mazoezi ya mara kwa mara: mtoto asiyepumua, mama anayetokwa damu nyingi, kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni. Takwimu za kila kituo zilikusanywa na kurudishwa kwa wahudumu wenyewe, ili waone wapi wanafanya vizuri na wapi bado.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 na yalihusu zaidi ya akina mama 280,000. Vifo vya watoto tumboni karibu na kuzaliwa, na vya siku ya kwanza baada ya kuzaliwa, vilishuka kutoka takriban 15 hadi takriban 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa karibu asilimia 75.

Matokeo hayakuwa sawa kila mkoa, na hilo lisifichwe. Pia katika miaka hiyo hiyo mambo mengine yalikuwa yakiboreka, usafiri wa dharura ukiwemo, kwa hiyo si haki kuyapa mazoezi sifa yote. Hata hivyo vituo 30 vya mikoa mitano, vyenye uhaba ule ule wa watu na umeme tunaoujua, viliweza kupiga hatua kwa pamoja. Lile wazo kwamba huduma bora ni ya Dar es Salaam tu haliwezi kusimama mbele ya takwimu hizo.

Vituo hushirikiana vipi hasa?

Njia ya kwanza ni kukutana na kushughulikia tatizo moja kwa wakati mmoja. Tandahimba, mkoani Mtwara, kati ya 2011 na 2014, wahudumu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali waliunda timu ndogo za uboreshaji. Walichagua jambo moja, kwa mfano kuhakikisha kila mama anachomwa sindano ya kuzuia damu nyingi ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Wakajaribu mabadiliko madogo, kama kuandaa sindano kabla mama hajaanza kusukuma, wakahesabu, kisha wakakutana na timu za vituo vingine kulinganisha. Mambo waliyojaribu yalikuwa mepesi, lakini idadi ya akina mama waliopata sindano kwa wakati iliongezeka sana ukilinganisha na wilaya jirani ya Newala, ambako mpango haukuwepo. Vijijini nako wanakijiji waliojitolea walikutana kwa mtindo ule ule, wakizungumzia kujiandaa kwa uzazi na kujifungulia kituoni.

Kulinganisha kunauma kidogo. Hakuna anayependa kuona grafu ya kituo chake ikiwa chini ya ya jirani. Ila mkunga wa zahanati moja akisikia kwamba mwenzake wa kata ya pili, mwenye mshahara ule ule na jengo lile lile, ameweza, hawezi tena kusema haiwezekani. Anachouliza ni, "Wenzetu mlifanyaje?" Hapo ndipo kazi inapoanza.

Njia ya pili ni kuazimana. Sindano ya kuzuia damu inataka kukaa kwenye baridi, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Jokofu la zahanati moja likiharibika, dawa zinahamishiwa kwa jirani kabla hazijaharibika. Kituo chenye dawa iliyokaribia kuisha muda wake kinaipeleka penye wagonjwa wengi. Hili linafanyika kwa maandishi na kwa ruhusa ya wilaya, si kwa mlango wa nyuma. Lakini linafanyika haraka pale waganga wafawidhi wanapokuwa na namba za simu za wenzao.

Njia ya tatu ni wenye uzoefu kuwatembelea wasio nao. Mkunga wa hospitali anakaa siku mbili zahanati, anafanya kazi bega kwa bega na mwenyeji wake, wala hajaja na daftari la kuandika makosa. Ziara kama hizo huitwa usimamizi shirikishi, na tofauti yake na ukaguzi wa zamani ni kwamba mgeni naye huvaa glavu.

Njia ya nne ndiyo ngumu. Mama akifariki kwa sababu ya uzazi, utaratibu wa Tanzania unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, kisha wahudumu wakae kupitia kilichotokea: alianzia wapi, alipita wapi, nani alimwona, nini kilikosekana. Kikao hicho hakikusudiwi kumtafuta mtu wa kumfukuza kazi. Kama watu wa zahanati na wa hospitali wanakaa meza moja, ukweli unaonekana mzima. Wakikaa mbalimbali, kila upande unabaki na nusu yake na lawama kwa mwenzake. Familia nayo inaweza kuombwa kueleza ilivyokuwa nyumbani na njiani. Ukiombwa, hata kama moyo unauma, maelezo yako yana uzito ambao hakuna faili linaloweza kuubeba.

Kutokwa damu nyingi ni mfano mzuri wa jambo linaloweza kusambaa kutoka kituo hadi kituo. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2023, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko wa kukinga damu na alama za kupimia. Badala ya mkunga kukisia kwa macho, anaiona damu imefika wapi na anaanza tiba zote kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Shuka hilo si la gharama ya ajabu, na ukilikuta kwenye kituo chako ujue kuna mtu alijifunza kwa mwenzake.

Nyota za kituo chako

Mwaka wa fedha 2015/16 Serikali ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi nchi nzima na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Karibu vituo 7,000 vilipimwa. Theluthi moja hivi haikupata nyota hata moja, na vilivyofika nyota tatu vilikuwa takriban viwili katika kila mia. Vilipopimwa tena 2017/18, vilivyofika nyota tatu au zaidi vilikuwa karibu moja ya tano.

Nyota husaidia, lakini zisome kwa akili. Zinapima usafi, uongozi, vifaa, rekodi na namna wateja wanavyopokewa katika kituo chenyewe. Hazipimi vizuri mama anavyopokewa akitoka kituo kingine. Kituo kinaweza kuwa na kuta safi na sanduku la maoni lenye kufuli jipya, na bado mtu wa rufaa akaachwa kwenye benchi.

Kadi ni ya mtoto, si ya kituo

Kwa familia zinazohama na mifugo, hasa Wabarbaig wa Hanang na maeneo ya jirani, na kwa wale wanaoishi mbali kama bonde la Yaeda, ushirikiano wa vituo hupimwa kwa kitu kimoja kidogo: kadi. Mtoto amepata chanjo ya kuzaliwa Katesh, ya wiki ya 6 kwenye huduma ya mkoba, na wiki ya 10 familia imehamia kwenye malisho. Kituo kipya kikimwambia mama, "Rudi ulikoanzia," mtoto huyo pengine hatapata tena chanjo hiyo. Kinachotakiwa ni kumpokea, kusoma kadi na kuendelea pale alipoishia. Chanjo haianzwi upya kwa sababu muda umepita, inaendelezwa. Baada ya wiki ya 14 bado kuna surua na rubela, miezi 9 na tena miezi 18, na hii ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi kwa kuwa mtoto anakuwa tayari anatembea na mama ana mimba nyingine.

Kadi itunze kwenye mfuko wa plastiki, mahali mvua na panya havifiki. Ikipotea, usione haya kwenda kliniki. Mhudumu anaweza kutafuta kwenye rejesta au kupiga simu kituo cha awali.

Lugha ni jambo jingine. Bibi anayemlea mjukuu anaweza kuwa anaongea Kiiraqw au Kidatoga tu. Akiitikia "ndiyo" kwa kila kitu, si kwamba ameelewa jinsi ya kutoa dawa. Una haki ya kuingia na mtu wa kukutafsiria unayemwamini. Na kama mhudumu wa kituo cha jirani anaijua lugha yenu, simu ya dakika mbili inaweza kuokoa dozi nzima.

Wewe mama au mlezi ufanye nini

Kwenye kliniki ya ujauzito, anza mapema, kabla ya wiki 12 ikiwezekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2016 ni mahudhurio manane. Muulize mkunga mapema: nikipata shida nitapelekwa wapi, kwa usafiri gani, na kuna nyumba ya kusubiria uzazi huko? Kama nyumba yenu iko mbali na unategemea kujifungua wakati wa masika, au ulishafanyiwa upasuaji, suala la kusubiri karibu na hospitali wiki za mwisho lizungumzwe nyumbani mapema, mume na mama mkwe wakiwepo.

Ukipewa rufaa, usiondoke bila fomu. Iangalie, au mwombe anayejua kusoma aiangalie: imeandikwa saa? imeandikwa presha? imeandikwa dawa uliyopewa? Uliza, "Mmewapigia simu?" Hilo si utovu wa adabu. Mhudumu mzuri atafurahi kwamba umemkumbusha. Ukifika, toa fomu na kadi kabla hujaketi, na useme wazi, "Nimepewa rufaa, ni dharura." Anayekusindikiza awe ni mtu anayeweza kuongea, maana wewe utakuwa na maumivu.

Kwa usafiri wa dharura ipo huduma ya m-mama. Piga 115, ni bure. Inawahusu wajawazito, waliojifungua hadi siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Mtoa huduma akipokea simu huulizia hali ya mgonjwa na kutuma gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyesajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Iandike namba hiyo kwenye mlango wa nyumba kwa mkaa kama huna kalamu.

Ukirudi nyumbani kutoka hospitali, pitia zahanati yako ndani ya siku chache na karatasi ya ruhusa uliyopewa. Wengi hawafanyi hivi, nasi tunaelewa. Umechoka, una mtoto mchanga, na huko umeshahudumiwa. Lakini karatasi hiyo ndiyo majibu ambayo mkunga wako aliyasubiri. Bila hiyo hajui kama uamuzi wake ulikuwa sahihi, na mama anayefuata atahudumiwa kwa kubahatisha kule kule.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Kwa mjamzito au aliyejifungua, nenda kituo chochote kilicho karibu, bila kuchagua, ukiona damu ukeni kabla ya uchungu au damu nyingi baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, kupumua kwa shida, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka bila uchungu, au mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

Kwa mtoto mchanga, ni kushindwa kunyonya, kupumua haraka au kwa kukoroma huku kifua kikibonyea, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi, kulegea, degedege, ngozi au macho kuwa ya manjano, na kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa. Mfunike, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, na safari ianze. Dawa ya kienyeji isimchelewesha njiani.

Huduma isiporidhisha

Anza na mganga mfawidhi wa kituo. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Wajue wanaotoka kijiji chenu ni akina nani, kwa sababu hao ndio wanaoketi kwenye kikao dawa na fedha zinapojadiliwa. Ikishindikana, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, au kituo cha simu cha Wizara ya Afya namba 199, bila malipo. Unapoeleza, taja tarehe, saa, na vituo vyote ulivyopitia, siyo kile cha mwisho tu. Malalamiko yanayosema "hospitali walinichelewesha" hujibiwa na hospitali peke yake. Yanayosema "nilitoka zahanati saa 4 usiku, nikafika saa 7, nikaonwa saa 9, na hakuna aliyekuwa na taarifa yangu" yatawalazimu wote wawili kukaa meza moja.